Senti 25 za Evelyn Cameron

Ipo picha moja ya mwaka 1912 ambayo kila anayemtafuta mpiga picha Evelyn Cameron hukutana nayo mapema. Mwanamke wa miaka 40 na ushei amesimama wima juu ya mgongo wa farasi. Hakuketi, amesimama kwa miguu yote miwili, kama mtu aliyepanda kigoda kufikia kitu juu ya kabati. Farasi, jina lake Jim, ametulia tuli. Hapo ni mashariki mwa jimbo la Montana, Marekani, nchi ya nyika na mabonde makavu. Wengi wakiiona hufurahi, kisha husema: mama huyu alikuwa jasiri. Nami nilisema hivyo hivyo mara ya kwanza. Nilipoirudia ndipo nikamwangalia farasi. Farasi hasimami hivyo kwa mtu asiyemlisha, asiyemnywesha, asiyemzoesha siku baada ya siku. Nyuma ya ule utulivu kuna miaka ya kuamka alfajiri.

Hapo ndipo penye ubishi wangu na namna maisha yake yanavyosimuliwa. Simulizi iliyozoeleka inakwenda hivi: binti wa tabaka la juu la Uingereza, amechoshwa na sebule na chai ya saa kumi, anakimbilia nyika za Marekani, anaokota kamera, anageuka msanii. Ni simulizi tamu, na matukio yake mengi ni ya kweli. Lakini inaficha jambo kubwa kuliko yote, nalo ni kwamba Evelyn Cameron alipiga picha kwa sababu nyumbani hapakuwa na fedha. Kamera iliingia katika nyumba ile kupitia mlango uleule ulioingiza kabichi, kuku na wapangaji. Ukiondoa njaa ya pesa kwenye hadithi yake, huwezi tena kueleza kwa nini picha zake ni nzuri kiasi kile.

Alizaliwa Evelyn Jephson Flower tarehe 26 Agosti 1868, karibu na London, katika familia ya wafanyabiashara wenye uwezo. Kaka yake wa baba mmoja, Cyril Flower, alikuwa mbunge na baadaye akapewa cheo cha Lord Battersea. Mwaka 1889 Evelyn akaolewa na Ewen Cameron, Mskoti aliyemzidi umri kwa zaidi ya miaka kumi, mtu wa ndege na vitabu. Fungate yao waliifanyia Montana, wakiwinda. Wakaipenda nchi ile, wakarudi mwaka 1891 kuishi, karibu na kituo kidogo cha reli kiitwacho Terry, kando ya mto Yellowstone.

Mpango wao ulikuwa kufuga farasi wa mchezo wa polo na kuwasafirisha hadi Uingereza, ambako matajiri wangewanunua kwa bei nzuri. Kwenye karatasi ulipendeza. Kwa vitendo ulikuwa wazimu: unamchukua mnyama wa nyikani, unampakia kwenye behewa kuvuka bara zima, kisha kwenye meli kuvuka bahari, halafu unategemea afike mzima na mpole. Biashara haikulipa. Mwaka 1893 mtikisiko wa kifedha ukaikumba Marekani yote, mabenki yakafunga milango, na akina Cameron wakajikuta mahali ambapo watu wa tabaka lao hawakufundishwa kuishi.

Ewen hakuwa na afya njema, wala hakuwa mtu wa sulubu. Kazi za ranchi zikamwangukia mkewe. Evelyn akakamua, akachota maji, akapasua kuni, akafuga kuku, akalima bustani ya mboga na kuwauzia watu wa Terry na wapishi wa makundi ya wachunga ng'ombe. Akapokea wapangaji wa kulipa, Waingereza waliotaka kuonja maisha ya nyika bila kufanya kazi zake. Mmoja wa wapangaji hao ndiye aliyemwonyesha upigaji picha, mwaka 1894. Evelyn akaagiza kamera kwa posta, aina ya Kodet iliyotengenezwa na kampuni ya Eastman Kodak, na ilipofika akaanza kujifunza mwenyewe kwa kukosea.

Bei yake ilikuwa senti 25 kwa picha, au dola 3 kwa dazeni. Piga hesabu: hakuna punguzo la jumla. Msanii anayejitafutia jina huwa na bei ya kutania. Bei ya Evelyn ni ya mama wa sokoni anayejua fungu moja limemgharimu nini, na kwamba akilegeza leo kesho hatanunua chumvi.

Nakaa kidogo hapa, kwa sababu leo tunapiga picha kwa kidole gumba na ni rahisi kusahau zile senti 25 zilitoka wapi. Picha ya enzi ile ilianza na kioo. Kipande cha kioo kilichopakwa dawa inayohisi mwanga, kikatiwa kwenye kamera gizani, kikabebwa juu ya farasi mwendo wa saa kadhaa bila kuvunjika. Kufika kwa mteja, kutegesha miguu mitatu ya kamera juu ya ardhi isiyo sawa, kuwapanga watu, kusubiri upepo utulie, kuomba mtoto asigeuke. Kisha kurudi njia ileile, kukamua ng'ombe wa jioni, kupika, kuosha vyombo, na ndipo kusafisha picha usiku. Kusafisha kulitaka maji mengi, na nyumba yao haikuwa na bomba. Kila ndoo iliyosuuza kioo kimoja ilikuwa imebebwa kwa mkono. Karatasi nyingi za wakati huo zilichapwa kwa kuanikwa juani, na katika majira ya baridi ya Montana, yanayoshuka mbali chini ya sifuri, jua lenyewe huja kwa masharti. Dawa zikiganda kwenye chupa, kazi inasimama. Kioo kikiteleza mkononi, safari nzima imepotea pamoja na zile senti.

Anayefanya kazi kwa mtindo huo hana nafasi ya kupiga ovyo. Nadhani ndiyo sababu picha zake zina uzito fulani, kana kwamba kila mmoja aliye ndani yake ameombwa kuwepo. Mwaka 1905 akanunua kamera nyingine, Graflex, iliyomwezesha kuona ndani ya kioo cha kutazamia kile hasa lenzi inachokiona, na hivyo kumnasa mnyama anayesogea. Aliifunga mwilini akapanda nayo farasi, akapanda nayo pia magenge ili kufikia viota vya tai. Picha zile za tai zikapamba makala ambazo mumewe aliziandika katika majarida ya elimu ya ndege.

Nina neno juu ya makala hizo. Ewen Cameron aliheshimika kama mtaalamu wa ndege, na stahili yake sitaki kuipunguza, kwani alichunguza kwa subira nchi ambayo wataalamu wachache waliifika. Lakini muda wa kukaa ukiandika kuhusu tai hupatikana pale ambapo mtu mwingine anapasua kuni. Aliyempa muda huo ndiye aliyepanda genge na kamera, akashuka, akaenda kulisha kuku. Katika nyumba ile utafiti na mkate vilitoka mikono tofauti, na mikono iliyotoa mkate ilitoa na picha pia.

Yeye mwenyewe hakulalamika, na hapa inatupasa kumwamini anavyojieleza. Katika barua aliyomwandikia mpwa wake mwaka 1911 alisema kwamba kazi ya mikono ndiyo karibu jambo pekee analolijali, kwamba ndiyo itakayomfanya mwanamke kuwa imara, na kwamba anapenda kufundisha ndama wa farasi, kupiga ng'ombe chapa, kukata miti na kufanya kazi bustanini. Wapo wanaoisoma barua hiyo kama tangazo la uhuru wa mwanamke. Mimi naisoma pia kama maneno ya mtu aliyeingia kwenye kazi kwa kulazimika, akakuta ndani yake kitu ambacho sebule za London hazikuwahi kumpa. Mambo hayo mawili yanaweza kukaa pamoja. Anayejua wanawake wa vijijini kwetu walioanza biashara ya maandazi kwa sababu mume ameachishwa kazi, na ambao leo ukiwaambia waache watakuona umerukwa na akili, hatashangaa.

Kisa cha sketi kinajulikana zaidi. Wanawake wa heshima enzi zile walipanda farasi kwa kukaa upande, miguu yote miwili ubavu mmoja. Evelyn alivaa sketi iliyogawanyika katikati, akapanda kama wanaume, akaingia nayo mjini Miles City, kilomita 60 hivi kutoka Terry. Mji ukataharuki. Akaonywa kwamba akiendelea kupita mitaani namna ile anaweza kukamatwa. Watu hupenda kuishia hapo, kwenye ushujaa wa nguo. Lakini jiulize angewezaje kubeba kamera, kufungua mageti ya waya na kuvuka mito akiwa ameketi upande. Sketi ile ilikuwa nguo ya kazi, na mji ulitishia kumkamata mtu kwa kuvaa nguo ya kazini kwake.

Tumwondolee na sifa asiyoihitaji. Hakuwa mwanamke wa kwanza kushika kamera katika miji ya pembezoni mwa bara lile. Hannah Maynard alifungua studio yake Victoria, British Columbia, mwaka 1862, kabla Evelyn hajazaliwa, wakati mji ule ulikuwa njia ya wachimba dhahabu. Maynard alikuwa na jengo, kibao na foleni ya wateja. Evelyn hakuwa na studio. Studio yake ilikuwa popote farasi alipofika, na tofauti hiyo inaonekana ndani ya picha. Mteja wa studio huacha kazi yake, huvaa vizuri, huja kusimama mbele ya pazia lililochorwa bustani ambayo hana. Mteja wa Evelyn amekutwa kwake.

Ndiyo maana tuna wakata manyoya ya kondoo wakiwa kazini. Tuna mchungaji wa kondoo karibu na gari lake la kulala. Tuna wachunga ng'ombe wa kampuni kubwa ya XIT, iliyotoka Texas, katika miaka ya mwisho kabla nyaya za uzio hazijaikatakata nchi na kuua uchungaji wa wazi. Tuna mabinti watatu wa familia ya Buckley, mafundi wa farasi na kamba, wakitazama kamera bila haya wala maringo. Na tuna Evelyn mwenyewe, mwaka 1904, akikanda unga wa mkate jikoni. Picha hiyo ya jikoni naipenda kuliko ya juu ya farasi. Mwenye kamera angeweza kuchagua kujiacha kwa kumbukumbu akiwa na gauni la kutokea. Akachagua donge la unga. Mtu hukanda unga vile anapokuwa na midomo ya kulisha, na Evelyn aliona kwamba hilo nalo linastahili kioo kizima, pamoja na ndoo zake zote za maji.

Kuna kiini hapo ambacho sijakiona kikisemwa vya kutosha. Wapiga picha wengi wa nyika za Marekani walitafuta ukubwa: mlima, maporomoko, shujaa juu ya kilima machweo. Evelyn aliwapiga watu walio sawa naye kwa uchovu. Mkata manyoya ya kondoo alimwona anashuka farasi akiwa na mikono iliyopasuka kama yake. Hakuna haja ya kujipanga mbele ya mtu kama huyo. Huo mlingano ndio unaoonekana kwenye nyuso, na senti 25 ndizo zilizouleta, maana tajiri aliyekuja kutalii asingeupata kwa bei yoyote.

Wateja wake wengi walikuwa wageni kama yeye. Baada ya reli ya pili, ile ya Milwaukee, kupita Terry mwaka 1907 na 1908, na baada ya sheria ya mwaka 1909 kuruhusu familia kujitwalia ekari 320 za ardhi kavu, treni zilishusha Wanorwe, Wajerumani waliotoka Urusi na Wamarekani wa majimbo ya mashariki. Walijenga vibanda vya mbao na karatasi ya lami, wakalima, wakamwita mama wa kamera. Picha zilitumwa kwao, ng'ambo, ziwaambie wazazi: tumefika, tuna nyumba, tuna ng'ombe, mtoto ananenepa. Sisi tunaijua picha ya namna hii. Kila nyumba yenye mtu aliyekwenda Muscat, Minneapolis au London inayo moja, amesimama karibu na gari ambalo pengine si lake.

Na ahadi iliyowaleta haikuwa ya kweli kabisa. Kampuni ya reli ilikuwa na bango maarufu la mkulima anayelima ardhi ya Montana, na mahali pa udongo jembe lake linafukua sarafu za dhahabu. Walishawishiwa pia kwamba mvua hufuata jembe, kwamba ukilima nchi kavu mawingu yatakuja yenyewe. Kwa miaka michache mvua ilinyesha kweli na waongo wakaonekana manabii. Mwaka 1917 ukame ukaanza, ukaendelea, mabenki yakafilisika tena, familia zikafunga vibanda na kuondoka. Katika muongo wa 1920, Montana ilikuwa jimbo pekee la Marekani ambalo idadi ya watu wake ilipungua. Ukijua hilo, picha zile za mbele ya kibanda hubadilika mbele ya macho yako. Unaanza kuhesabu madirisha, unatazama ukubwa wa rundo la kuni, unajiuliza mtoto yule mnene alilala wapi mwaka 1921.

Lakini mimi ni msomaji wa Afrika Mashariki, na siwezi kuitazama nchi ile tupu bila kuuliza iliachwa tupu na nani. Terry ni jina la jenerali, Alfred Terry, aliyeongoza kikosi cha jeshi la Marekani katika vita vya mwaka 1876 dhidi ya Walakota na Wacheyenne, wenyeji wa nyika zile. Miles City ni jina la jenerali mwingine, Nelson Miles, aliyewaandama wakati wa baridi iliyofuata. Mapigano ya Little Bighorn, tarehe 25 Juni 1876, yalikuwa katika nchi hiyohiyo ya mashariki mwa Montana. Kufikia katikati ya miaka ya 1880 makundi ya nyati yaliyowalisha wenyeji yalikuwa yamechinjwa hadi karibu kwisha. Akina Cameron walipofika fungate mwaka 1889, hazikuwa zimepita hata miaka kumi na tano tangu vita vile. Nyasi walizolishia farasi wao zilikuwa nyasi za nyati.

Msomaji wa Nyeri au Naivasha hahitaji kufafanuliwa. Watu wa aina ya akina Cameron, watoto wa familia za Uingereza wenye majina makubwa na akiba ndogo, ndio hao hao walioshuka Mombasa tangu mwanzoni mwa karne ya 20 kufuata ardhi ya bei poa nyanda za juu. Nao walikuta nchi iliyoitwa tupu, nao walipiga picha nzuri. Kwetu jina Fort Hall limekwisha kurudi kuwa Murang'a, na Thomson's Falls ni Nyahururu. Terry bado ni Terry. Kuyasema haya hakumwondolei Evelyn hata picha moja, na hakumfanyi kuwa mtu mbaya. Kunaweka picha zake mahali pake. Alikuwa mfanyakazi hodari na mkweli wa lenzi katika nchi iliyotwaliwa kwa nguvu, na anayemwita mwanzilishi lazima ajue kwamba kabla ya mwanzo wake palikuwa na watu.

Ewen alifariki mwaka 1915, huko California, alikokwenda kutafuta tiba ya saratani. Jamaa Uingereza wangemtarajia mjane arudi nyumbani. Evelyn akarudi ranchini peke yake. Montana ilikuwa imewapa wanawake haki ya kupiga kura mwaka 1914, na mwaka 1916 ikamchagua Jeannette Rankin, mwanamke wa kwanza kuingia Bunge la Marekani. Mwaka 1918 Evelyn akachukua uraia wa Marekani. Akaendelea na ng'ombe, bustani na kamera kwa miaka mingine kumi, hadi tarehe 26 Desemba 1928, alipofariki baada ya kupasuliwa kidole tumbo. Alikuwa na umri wa miaka 60.

Aliacha vitu viwili. Kwanza, vioo na negativu zipatazo 1,800. Pili, na hapa ndipo ninapotaka wapiga picha wetu wasikilize, shajara 35, kuanzia mwaka 1893 hadi mwaka wake wa mwisho. Kila siku aliandika. Ameamka saa ngapi, hali ya hewa, nani amepita, amepika nini, barua gani imefika, amempiga picha nani, analipwa lini. Ni maandishi makavu ya mwenye duka. Hakuna falsafa ya sanaa. Lakini kwa sababu ya ukavu huo tunaweza kushika picha na kujua ni siku ile, ni fulani, upepo ulikuwa mkali. Picha bila shajara ingekuwa mwanamke fulani, farasi fulani, zamani. Shajara bila picha ingekuwa orodha ya mikate. Kwa pamoja vimetupa mji mzima wa watu wenye majina.

Aliyevitunza ni rafiki yake Janet Williams, mmoja wa wahamiaji waliokuja wakati wa wimbi la ekari. Evelyn alimwachia mali yake, na Janet akayaweka yote kwenye chumba cha chini ya ardhi cha nyumba yake Terry. Yakakaa huko takriban miaka 50. Mwishoni mwa miaka ya 1970, mhariri wa picha kutoka New York, Donna Lucey, akafika akifuata fununu, mwenye nyumba akiwa ajuza, na milango ya chumba kile ikafunguliwa. Leo mkusanyiko huo uko katika jumuiya ya historia ya Montana, mjini Helena, na Terry, mji wa watu wapatao 600 tu, una jumba lenye jina la Evelyn Cameron.

Watu humshukuru Lucey, na wana haki. Mimi shukrani zangu nyingi ziko kwa Janet. Fikiria nusu karne ya kuishi juu ya shehena ya vioo. Kila mara unapohitaji nafasi ya viazi, vipo. Mafuriko, panya, jamaa wanaouliza yale maboksi ni ya nini. Filamu nyingine za enzi zile zinashika moto kirahisi. Kutupa ingekuwa kazi ya asubuhi moja, na hakuna ambaye angemlaumu, kwa kuwa hakuna aliyejua. Kwa miaka 50 kumbukumbu ya mji wote ilining'inia kwenye uamuzi wa mwanamke mmoja kutosogeza maboksi.

Mtaani kwetu Tanga ilikuwapo studio ambayo karibu kila harusi na kila mtoto wa shule alipitia. Ndiyo iliyompiga picha bibi yangu na wenzake, wasichana watano mbele ya pazia lenye chemchemi na minazi, wawili wameketi, watatu wamesimama, mmoja kashika mwavuli ndani ya nyumba. Miaka michache iliyopita nilikwenda kuulizia negativu ili nikuze ile picha. Duka lilikuwa limekwisha kuuzwa. Jirani, fundi cherehani, akaniambia bila ubaya wowote kwamba maboksi yalijaza mkokoteni mzima na yalikwenda jaani siku moja, kwa sababu mwenye duka mpya alitaka kuweka friji la soda. Sikuwa na la kumlaumu mtu. Nani angemwambia kwamba ule mkokoteni ulikuwa mtaa mzima?

Hapa Unguja bado iko Capital Art Studio, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na anayeingia huona ukutani kile ambacho mahali pengi pa pwani kimekwisha. Ni studio moja. Zilikuwa nyingi, Mombasa, Lamu, Tabora, Bagamoyo, na zilikuwa na wake na mabinti waliopaka rangi picha kwa mkono nyuma ya duka, waliokata karatasi, waliosafisha usiku kama Evelyn. Majina yao hayakugongwa kwenye muhuri wa nyuma ya picha. Wangapi bado wako hai, na nani amewauliza? Hilo ni swali la mwaka huu, halingoji taasisi wala mfadhili, maana mama wa miaka 85 hangoji bajeti.

Mwezi uliopita nilimpelekea shangazi ile picha ya wasichana watano, pamoja na penseli. Nikamwomba, "Shangazi, nitajie mmoja mmoja." Akavaa miwani, akaisogeza dirishani. Bibi yangu, dada yake, mtoto wa mjomba wao wa Pangani, na Bi mmoja aliyekuwa fundi wa kusuka ukili. Nimeandika majina manne nyuma ya picha, taratibu, penseli isije ikatoboa karatasi. Wa tano ni yule mwenye mwavuli. Shangazi anasema jina analo mdomoni, nimpe siku mbili tatu.